Mahali pa Kumpisha Mkwe

Shivachi tulimzika Jumamosi. Kulikuwa na mahema, kulikuwa na vyombo vya sauti vya kupasua masikio, na kulikuwa na kijana wa kushika kipaza sauti ambaye hakumjua marehemu hata kidogo lakini aliongea kuliko sisi wote. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mtu wa watu, alikuwa mcha Mungu, alipenda utani. Hayo ni kweli, na yanaweza kusemwa juu ya mtu yeyote aliyezeeka bila kufungwa jela. Mimi pia niliitwa, kwa sababu mke wake Jerida ni mtoto wa senje yangu, dada ya baba. Nikasema jina langu ni Finike, nikampa Jerida pole, nikaketi. Habari za Shivachi haziwezi kuingia katika dakika mbili, na nyingine hazisemwi kwenye kipaza sauti.

Siku ya kunyoa nywele za matanga ilipopita na wageni wengi wakarudi kwao, wajukuu walisema wanataka kuuona mfereji wa mawe kabla ya kuondoka. Mjukuu wa marehemu, Brenda, ni msichana anayeongoza watalii katika msitu upande wa Buyangu, na siku hizi anawafikisha kwenye mfereji pia. Akatutangulia na viatu vyake vya mpira. Mkwe wangu Bonifasi alikuja nasi. Yeye ni mume wa binti yangu Konsolata, anafundisha mambo ya umeme kule Sigalagala, na simu haimtoki mkononi. Tulipofika kwenye daraja la maji, pale mfereji unapovuka korongo juu ya nguzo za mawe, Brenda alionyesha katikati ya daraja, mahali ukuta umetoka nje kidogo kama kibaraza cha kumtosha mtu mmoja. Akasema, "Hapa ndio askari wa mzungu alikuwa anasimama akilinda maji, wasee wasiibe." Wote wakaitikia kwa vichwa. Wakavuka kwenda kupiga picha ng'ambo, nami nikabaki nimeketi kwenye jiwe kwa sababu ya magoti. Sikumsahihisha. Mtoto anajua ndege wote wa msitu kwa majina, na kile kibaraza hakuna aliyewahi kumweleza. Waliojua walikuwa wanne. Mmoja tulikuwa tumetoka kumzika, mmoja alizikwa zamani, na Jerida siku hizi haongei sana. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ule nilipelekwa kukaa na Senje Rasoa, mama yake Jerida, kwa sababu binti zake wote walikuwa wameolewa na mtoto wake wa kiume alikuwa ameenda Shianda kulima miwa. Nilikuwa msichana wa kutosha kubeba mtungi lakini si wa kutosha kuulizwa maoni. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, imepakwa samadi ya ng'ombe na jivu mpaka sakafu inang'aa. Jiko lilikuwa peke yake nje, na ukuta wake ulikuwa umepasuka upande wa nyumba kubwa, kwa hivyo mtu akiwa anasonga obusuma, ugali wetu, alisikia kila neno lililosemwa sebuleni. Senje alijua kuhusu ufa ule. Nafikiri ndiyo maana hakuuziba. Alitaka nijue mambo bila yeye kunieleza. Nilisikia mengi kupitia ufa ule huku mwiko uko mkononi na moshi machoni, na mpaka leo nikinusa likhubi, mboga ya kunde, likichemka na magadi najikuta nimetega sikio.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Msomaji wa mahali pengine hatashangaa, lakini wa kwetu atashangaa. Kakamega mvua hainyeshi, inakaa. Mtu anaanika nguo kwa imani tu. Lakini mwaka ule mwezi wa mvua uliingia ukatoka na mbingu nyeupe kama unga. Lile jiwe la Ilesi, ambalo watu huja kutoka mbali kuliona likitokwa na maji kama mtu anayelia, lilikauka uso. Nilipita hapo nikienda sokoni na Senje, nikaona alama nyeusi tu mahali machozi yalipopitanga. Wanawake walisimama barabarani wakiliangalia, vikapu vichwani. Senje alisema, "Kama hata hili limenyamaza, sisi tuna nini cha kusema." Kisha akaniambia nitembee, jua linapanda.

Baada ya hapo chemchemi yetu ilikufa. Ilikuwa chini ya shamba, na juu yake kidogo shemeji yake Senje, mzee Zakayo, ndugu wa marehemu mume wake, alikuwa amepanda mikaratusi, miti inayokunywa maji kuliko ng'ombe. Hakuna aliyethubutu kusema hivyo. Tulianza kuteka maji mtoni Isiukhu, tukishuka mteremko wa mawe na kuupanda tena na mitungi, na Senje hakuwa kijana. Mara mbili alianguka. Mara ya pili mtungi ulivunjika, naye akaketi palepale kati ya vigae akivipanga kwenye leso kama mtu anayefikiria kuviunga.

Jioni hiyo Zakayo alikuja. Mimi nilikuwa kwenye ufa wangu. "Mulamwa," alisema, maana ndivyo tunavyomwita shemeji, "chemchemi imekufa. Mtu haishi mahali hakuna maji. Mimi niko na mkokoteni na ng'ombe. Nitakupeleka kwa Petero kule Shianda ukae na mtoto wako, mtafune muwa."

"Meno yangu hayana shida na muwa," Senje akasema. "Mimi ndiye niko na shida na Shianda."

"Shianda ina ubaya gani?"

"Bwana yangu hakuzikwa Shianda."

Zakayo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka shamba, na mtu wa kutaka shamba anaweza kukupenda sana ukiwa umehama. Akasema, "Mwezi mpya ukionekana na bado hakuna maji hapa, nakuja na mkokoteni. Sitaki watu waseme nilimwacha mke wa ndugu yangu afe na mtungi kichwani." Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaaga. Senje alikuja jikoni, akatazama obusuma yangu, akasema ina madonge.

Asubuhi nilimkuta amejifunga leso kiunoni na panga liko mkononi. "Twende," alisema, "tukaone maji yalipotelea wapi."

Chini ya shamba, ng'ambo ya chemchemi, kulikuwa na handaki refu kavu ambalo ng'ombe walipenda kulala ndani yake. Sisi watoto tulidhani ni njia ya zamani. Senje aliniambia huo ni mfereji. Wazungu waliotafuta dhahabu waliuchimbisha ili maji yafike kwenye udongo wao wausafishe. Dhahabu ilipoisha waliondoka, wakauacha. Yeye alikuwa ameuona ukiwa umejaa, akiwa mtoto mdogo mgongoni mwa mama yake, na hakuwa amewahi kuufuata hata siku moja kuona unatoka wapi. "Mtu unaishi na kitu mlangoni mpaka unazeeka," alisema, "hujakiuliza jina."

Tukaufuata kwenda juu. Sijui niseme nini kuhusu matembezi yale ili mtu aelewe. Mimi nilikuwa nimezoea vijia vyetu vinavyopanda na kushuka kama vinavyotaka. Mfereji haukupanda wala haukushuka. Ulikumbatia kilima, ukaingia kila bonde na kutoka, ukazunguka kila mgongo wa ardhi, sawasawa, kama mtu aliyechora mstari kwa kidole bila kuinua mkono. Ukisimama ukiangalia ulikotoka, unaona mstari ule ukipita chini ya vichaka, migomba na nyumba za watu, ukijua unakoenda. Nilimwuliza Senje waliwezaje. Akasema wazungu walipima, na watu wetu wakachimba, na katika waliochimba wako waliozikwa kandokando na hakuna anayejua ni wapi. Baada ya hapo nilikuwa nakanyaga polepole.

Kisha tukafika kwenye korongo. Ardhi ilikatika, na mfereji haukukatika. Ulivuka juu, hewani, kwenye nguzo za mawe zenye matao, mawe yamekaa juu ya mawe, mti wa mukumu umekua kutoka kwenye nguzo moja na mizizi yake imeshika ukuta kama vidole vya mtu anayezuia kuanguka. Sikuwa nimewahi kuona kitu kirefu hivyo kilichojengwa na mkono. Kanisa letu lingesimama chini yake. Senje alivua viatu vyake vya mpira, akaviweka kando kama mtu anayeingia nyumba ya heshima, akaingia kwenye ule mkondo wa mawe, ambao kuta zake zilifika magotini na upana wake ulitosha nyonga za mtu mmoja tu. Nikamfuata nikiangalia mgongo wake. Upande wa mwisho sakafu ya mkondo ilikuwa imebomoka, shimo la kupitisha mbuzi, na chini yake tuliona vilele vya miti. Tuliruka. Ng'ambo mfereji uliingia kwenye mwamba, ndani ya kilima kabisa, tundu jeusi limejaa popo, na mahali fulani limezibwa na mawe yaliyoanguka. Tukalizunguka kwa juu, tukaingia msituni.

Ndani ya msitu ukame haukuwa umefika vizuri. Kulikuwa na giza la kijani na harufu ya majani yanayooza. Mbega walikuwa juu wamekaa na makoti yao meupe kama wazee wa baraza, wakatuangalia bila kusimama. Vipepeo walikuwa kwenye njia kwa wingi kiasi kwamba waliinuka mbele yetu kama vumbi. Na tulisikia mngurumo kabla ya kuona. Maporomoko ya Isiukhu yalikuwa yamepungua, lakini yalikuwepo, maji meupe yakishuka kwenye mawe meusi, na kando yake, kwenye mwamba, mdomo wa mfereji ulikuwa umezibwa na mchanga, magogo na miaka. Maji yalipita mbele ya mlango wake kila siku bila kuingia. Senje aliketi kwenye jiwe, akaweka mkono ndani ya maji, akauacha humo muda mrefu. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anahesabu kazi. "Mlango tunaweza kuzibua mimi na wewe na wanawake," alisema. "Lile tundu na lile daraja linataka fundi wa mawe." Kisha akatoa mkono majini, akaupangusa kwenye leso. Fundi wa mawe alikuwa mmoja tu, na alikuwa Shivachi, mkwe wake.

Lazima nieleze, kwa ajili ya wale wanaolelewa siku hizi. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando mpaka mwingine apite. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaitani majina. Si chuki. Ni heshima iliyo kubwa mno kuwekwa karibu. Na ilisemwa kwamba ikivunjwa, hawalipi waliovunja, wanalipa walio tumboni. Jerida alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza. Kwa hivyo yule mtu ambaye Senje alihitaji kuliko watu wote ndiye ambaye hakuweza kumwambia hata "habari ya asubuhi".

Basi maneno yalipita kwangu. Shivachi alikuja akasimama nje ya ua, mrefu, mabega ya kubeba mawe, anatafuna mukombero, ule mzizi ambao wanaume wa kwetu wanauamini kuliko daktari. Senje alisimama nyuma ya ghala la mahindi. Mimi katikati.

"Finike, mwambie mama nimesikia habari ya mfereji."

"Mwambie mimi si kiziwi," ghala likasema.

"Anasema yeye si kiziwi."

"Mwambie lile daraja naliweza. Lakini tundu la popo linanipa hofu."

"Mwambie popo hawagusi mtu ananuka mukombero."

Shivachi alicheka mpaka akashika ua. "Mwambie nitaacha kutafuna nikianza kazi."

"Mwambie asidanganye watu wazima."

"Wewe ndiwe redio yetu, Finike," akaniambia. "Usitumalizie betri."

Kazi ikaanza siku iliyofuata. Senje, mimi na wanawake wawili wa jirani tulizibua mdomo wa mfereji, tukaacha gogo moja la kuzuia maji, na kufyeka handaki. Shivachi alikuwa kwenye tundu na nyundo na tindo, na baadaye kwenye daraja, ambako aliweka ubao juu ya lile shimo ili aweze kupita na mawe. Ili heshima isiharibike, walikubaliana, kupitia redio, kwamba koti lake likining'inia kwenye tawi la ule mti wa mukumu, mkwe yuko kazini na Senje asikaribie. Koti likiwa halipo, daraja ni lake, naye anaweza kupita kukandika sakafu kwa udongo wa kichuguu. Senje alimpikia chakula, nikapeleka mimi. Shivachi alikula ng'ambo ya korongo, amegeuza mgongo. Senje aliniuliza kila siku, "Amemaliza?" Nikisema amemaliza, alifurahi, ingawa uso wake ulibaki vilevile. Aliniambia mara moja, tukiwa tunasukuma gogo, "Mtu anayefanya kazi vile ningetaka kumwona anafananaje." Jerida alikuwa ameolewa miaka miwili.

Mwezi ulikuwa umepungua ukabaki kama ukucha. Siku hiyo tulifika darajani na udongo. Koti halikuwepo kwenye mti. Senje akavua viatu, akaweka karai la udongo kichwani, akaingia kwenye mkondo. Mimi nilibaki ukingoni nikichanganya udongo mwingine. Ndipo niliposikia kelele za nyani juu ya mwamba, nikainua kichwa, nikaona nyani dume amekaa na koti la Shivachi, anatafuta mifukoni. Na wakati huohuo Shivachi akatokea kwenye tundu upande wa pili na bamba la jiwe kichwani, mikono miwili juu, akavuka ubao wake, akaja. Alikuwa anaangalia miguu yake. Senje alikuwa anaangalia ya kwake. Walipoinua macho walikuwa katikati, juu ya ile nguzo nene, na kati yao hapangetosha kitanda.

Shivachi alifumba macho. Sijawahi kuona kitu kilichofanywa haraka hivyo na mtu aliyebeba jiwe. Alisimama hewani, juu ya vilele vya miti, macho yamefungwa kama mtoto anayelala, na jiwe likaanza kumyumbisha. Nyuma yake kulikuwa na shimo na ubao mwembamba. Hangeweza kurudi. Mbele yake kulikuwa na mama mkwe. Kulitupa lile jiwe pia hakungewezekana, maana lingebomoa ukuta na yeye pamoja nao.

"Finike," akasema polepole, "mwambie mama nimefumba macho."

"Finike," Senje akasema, "mwambie asirudi nyuma hata kidogo. Nyuma kuna ubao. Mwambie aje mbele, mguu wa kushoto, ukuta uko kushoto kwake."

Nikapaza sauti nikasema. Akaweka mguu. Na Senje akarudi nyuma hatua moja, bila kugeuka, karai bado liko kichwani, macho yake kwenye miguu ya mkwe wake na si juu zaidi. Mwambie kulia kuna jiwe limeinuka. Mwambie ainue mguu. Mwambie asimame apumue. Mimi nikirudia kila neno. Wakaja hivyo, mzee anatembea kinyumenyume juu ya korongo na kijana anatembea kipofu, na hakuna sauti nyingine isipokuwa nyani na sauti yangu. Nilikuwa nimefika katikati ya maneno yangu fulani nilipoona kwamba mguu wa Shivachi umeshatua. Alikuwa anatembea kwa sauti ya Senje, si yangu. Sikuacha kurudia. Nilielewa, hata kwa akili ile ya msichana, kwamba kazi yangu haikuwa kupeleka maneno. Ilikuwa kuwapo katikati yao.

Senje alipokanyaga ukingo aliingia vichakani mara moja, nikasikia karai likianguka. Shivachi akafika, nikamwambia, "Fungua macho, shemeji." Akalishusha jiwe chini, akaketi juu yake, akatazama mikono yake. Hakutania. Akauliza tu, "Mama yuko salama?" Nikasema yuko. Akaondoka kwenda kwake kwa njia nyingine ndefu.

Siku zilizofuata hakuja. Wanawake wa jirani walibishana: mmoja alisema heshima imevunjika, wamekaribiana na mama amemsemesha, mwingine alisema haijavunjika, hakuna jicho lililoona uso. Senje aliwasikiliza huku anasuka kamba. Usiku alikuwa hajalala, nilimsikia akigeuka. Nilijua anafikiria tumbo la Jerida, na sasa hofu ya mkokoteni wa Zakayo ilikuwa imekuwa ndogo. Asubuhi alikamata kuku wake wa mwisho, akamchinja, akapika ingokho nzima na kuweka imondo, firigisi, ile finyango ya heshima ya mwanamume, juu kabisa ya bakuli. "Peleka," alisema. "Usiseme neno. Yeye atajua." Nilitembea na bakuli lile kama mtu aliyebeba mayai. Shivachi alifunua, akaona imondo, akafunika tena. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniambia nimrudishie mama bakuli likiwa tupu, maana chakula cha mkwe hakibakizwi. Jerida aliniangalia kutoka mlangoni, mkono kwenye tumbo, akaachia pumzi.

Kesho yake tulisikia nyundo. Senje alinituma nikaone. Nilidhani nitamkuta anaziba lile shimo, kwa sababu lile ndilo lililozuia maji, na mwezi ulikuwa umeshapotea, mpya ungeonekana wakati wowote. Hakuwa kwenye shimo. Alikuwa katikati ya daraja, juu ya ile nguzo nene, anabomoa ukuta wa mkondo upande mmoja na kujenga nje yake kibaraza, jiwe kwa jiwe, na kiukuta cha kushikilia. Nikamwambia, "Shemeji, Zakayo anakuja na mkokoteni na wewe unajenga baraza?"

"Mama huyu atapita hapa maisha yake yote kusafisha mfereji," alisema. "Na mimi nitapita maisha yangu yote kuutengeneza. Unataka tufumbe macho kila siku?" Akasimama ndani ya kile kibaraza, akageuza mgongo kwa mkondo, akajipima. Akasema nisimame mimi. Kisha akaniuliza Senje ni mnene kuliko mimi kiasi gani, naye akaongeza jiwe moja.

Shimo aliliziba jioni iliyofuata, na sasa nasema nilichokiona, nisiulizwe zaidi. Tulifungua mdomo wa mfereji kule maporomokoni. Maji yaliingia kwanza kama ulimi, yakanusa, yakasimama kwenye mchanga, yakaendelea. Senje hakungoja. Alitembea mbele yake. Yalipita tundu la popo na kutoka upande wa pili yakiwa meusi, yakavuka daraja juu ya vilele vya miti, maji hewani, nikaona anga ndani yake. Yalikuja yakisukuma majani makavu, siafu, panzi waliokufa, kinyesi cha ng'ombe. Vyura ambao sijui walikuwa wapi miezi yote walianza kuruka. Senje alikuwa anatembea kwenye handaki kavu, mzee wa leso na miguu mitupu, bila kugeuka nyuma, na maji yakamfuata kuzunguka kilima chote kama ndama anayemfuata mama yake nyumbani. Watu walitoka kwenye migomba wakasimama. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtu hapigii vigelegele kitu kama kile, anashika mdomo.

Zakayo alikuwa amefika na mkokoteni. Ng'ombe wake waliinamisha vichwa kwenye mfereji na kuanza kunywa. Akasimama na fimbo yake, akaangalia. "Mulamwa," alisema mwishowe, "hawa ng'ombe wamejibu kabla yangu."

"Waache wanywe," Senje akasema. "Wametembea."

Hakuhama. Jerida alijifungua mtoto wa kike mzima, ambaye ndiye mama ya Brenda. Mvua ilirudi, chemchemi haikurudi. Senje aliishi pale mpaka Mungu alipomwita, na kaburi lake liko karibu na la mumewe, karibu na mfereji pia. Miaka ile yote nilimwona mara nyingi kwenye kile kibaraza, amesimama na mgongo wake umegeuka, anangoja, na Shivachi akipita nyuma yake na jiwe au jembe, kichwa chini. Hawakuzungumza kamwe. Sijaona watu wawili waliofahamiana kama wale.

Sasa mimi pia ni mama mkwe. Bonifasi alinipa mkono siku ya harusi, mbele ya mchungaji, na mimi niliupokea, maana dunia imegeuka na sitaki kuwa jiwe la kujikwaa. Ananisalimia hivyo kila tukionana. Sijawahi kumwambia kwamba kila mara moyo wangu unatafuta kichaka.

Siku ile ya wajukuu, walirudi kutoka ng'ambo wakaanza kunywa soda. Nikaona hapa ndipo nitakapopita peke yangu. Nikavua viatu. Mkondoni kulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, baridi. Nilikuwa nimefika karibu na katikati nilipoona kumbe Bonifasi alikuwa amebaki nyuma akipiga picha tunduni, na sasa anakuja, macho kwenye simu. Hakukuwa na nafasi ya wawili. Nikaingia kwenye kibaraza. Nikageuza mgongo, nikashika kiukuta, nikaangalia vilele vya miti chini, mahali mbega mmoja alikuwa anaruka na koti lake.

Nikasikia hatua zake ndani ya maji. Zikasimama nyuma yangu. Nilijua mkono wake unaanza kuinuka. Sikugeuka. Maji yalipita chini yetu sote wawili. Kisha nikasikia simu ikiingia mfukoni, na hatua zikaendelea, polepole, za mtu aliyeinamisha kichwa, mpaka zikafika ukingoni.

Nilibaki pale kidogo. Mawe yalikuwa na joto la jua. Siku hizi nimenenepa kuliko Senje, lakini Shivachi alikuwa ameongeza lile jiwe moja, na nafasi ilinitosha.